Shati la Mkono Mmoja

Karakana ile ya ushonaji ilikuwa na dirisha kubwa lililotazama barabara, na cherehani zilizopangwa safu mbili kama madawati ya shule. Asubuhi mafundi walifika, wakafuta vumbi, wakatia mafuta, wakavuta viti. Baada ya hapo kilichosikika ni mlio wa cherehani na utani wa mafundi wenyewe.

Karibu na dirisha alikaa kijana waliyemwita Spidi. Suruali iliyomchukua mwenzake siku nzima, yeye aliimaliza kabla ya chakula cha mchana. Nyuma yake alikaa Nakshi, dada aliyejua kutarizi maua mpaka mtu akatamani kuyanusa. Na kule pembeni, jirani na meza ya pasi, alikaa Taratibu.

Taratibu hakuwa mvivu, wala hakuwa fundi mbaya. Mishono yake ilinyooka. Lakini ufundi aliuanza kwa kuchelewa. Wakati vijana wenzake walipokuwa wakijifunza mitindo mipya, yeye alikuwa nyumbani akimuuguza baba yake. Baba alikuwa amepata kiharusi. Upande mmoja wa mwili wake ulipooza. Taratibu ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyemvisha, ndiye aliyemgeuza kitandani, mpaka mzee alipofariki dunia. Watu walipomuuliza miaka ile yote alikuwa wapi, alijibu, "Nilikuwa nyumbani tu," kisha akabadilisha mazungumzo.

Siku moja mwenye karakana alitoka ofisini kwake. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba.

"Jamani, hebu simamisheni cherehani kidogo," alisema.

Cherehani zikasimama.

"Mnaona wenyewe mambo yalivyo. Watu wananunua nguo zilizokwisha kushonwa. Kazi zimepungua. Msimu huu ukiisha, sitaweza kubaki na ninyi nyote. Lakini sitaki kumwonea mtu. Kila mmoja wenu atakuja ofisini anijibu swali moja. Mteja akiingia hapa, kwa nini amtafute yeye na si mwingine?"

"Mimi sina wasiwasi, mama," alisema Spidi. "Mteja akipiga chafya, akifungua macho suruali iko tayari."

Watu walicheka. Taratibu naye alicheka. Kisha akajiuliza lile swali. Alijiuliza tena akipiga pasi, nusura aunguze kola.

Nyumbani alimkuta mkewe uani akimenya viazi. Mkewe alikuwa mpishi wa shule, na hata nyumbani alimenya kwa kasi ya mtu anayesubiriwa na wanafunzi mia. Kando yake, kwenye kigoda, alikaa kaka wa mkewe huyo. Ndugu na majirani walimwita Vyeti, maana hakuna mafunzo yaliyotangazwa asiyajaribu.

Taratibu aliwaeleza yaliyotokea.

"Hilo dogo, shemeji," alisema Vyeti. "Tafuta cheti. Mimi mwenyewe nina cha udereva, cha kompyuta, cha ulinzi, cha keki, cha huduma ya kwanza, na mwezi ujao naanza kufuga samaki."

"Na kazi je?" aliuliza dada yake bila kuinua macho kwenye viazi.

"Kazi inakuja."

"Kaka, usinichukie. Vyeti vyako ni kama abiria wa basi moja. Wamekaa pamoja lakini hawasalimiani."

Vyeti alichukua kisu na kuanza kumenya.

Mke akamgeukia mumewe. "Na wewe usikate tamaa mapema. Swali aliloliuliza mama huyo ni la maana. Hebu tulitafutie jibu."

"Nimelitafuta. Kwa kasi, Spidi ananishinda. Kwa urembo, Nakshi ananishinda. Mimi nimebaki na nini? Muda wa kujifunza ulinipita."

Mkewe alimtazama kama mtu anayeonja mchuzi na kuhisi kuna kitu, lakini hajui ni kitu gani.

Jumapili ile jirani yao aligonga mlango. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, yule anayewasaidia wagonjwa kutembea tena na kutumia mikono tena. Watoto wa pale walimwita Dada Mazoezi. Mkononi alishika shati jeupe.

"Jirani, samahani kukusumbua siku ya mapumziko. Hili ni la mgonjwa wangu mmoja. Limechanika kwapani. Mkewe ameshona, likachanika tena."

Taratibu alilichukua, akaligeuza ndani nje. Alivuta mshono. Alitazama mkono wa kushoto, akatazama wa kulia.

"Huyu bwana ana kiharusi," alisema. "Mkono wa kushoto ndio haufanyi kazi. Na anavishwa na mtu mwingine, tena mtu huyo anaanza na mkono wa kulia."

Dada Mazoezi alikuwa ameshageuka kuondoka. Akarudi.

"Nani kakuambia?"

"Shati lenyewe. Angalia. Limechanikia kushoto, na nyuzi zimevutwa kuelekea juu. Ukiuanza mkono mzima, shati linabana, halafu mkono mgonjwa inabidi uusukume kwa nguvu. Unatakiwa uanze na mkono mgonjwa wakati shati bado lina nafasi. Ule mzima utajitafutia njia. Kuvua ni kinyume chake, mkono mgonjwa unakuwa wa mwisho."

"Sawasawa kabisa. Hivyo ndivyo tunavyowafundisha watu hospitalini. Wewe umejifunza wapi?"

Taratibu aliangalia chini. "Nilimuuguza baba. Nilikuwa nyumbani tu."

"Nyumbani *tu*?" Dada Mazoezi alivuta kigoda, akaketi bila kukaribishwa. "Jirani, ngoja nikuulize. Mtaani hapa mafundi cherehani ni wachache?"

"Wachache? Ukirusha kofia itamwangukia fundi."

"Haya. Na watu waliowahi kumuuguza mtu aliyepooza?"

"Nao ni wengi. Kila nyumba ina habari yake."

"Sasa niambie. Mtu mmoja mwenye hayo yote mawili unamjua nani?"

Taratibu alifikiri. Mkewe, aliyekuwa akianika nguo, aliacha kuanika.

"Simjui," alisema Taratibu.

"Mimi nimemjua leo," alisema Dada Mazoezi. "Watu wengi hudhani kwamba ili uonekane kazini, lazima uwe wa kwanza katika jambo moja. Wa kwanza ni mmoja, na wengine wote je? Kuna njia nyingine. Unachukua ujuzi wako wa kazi, unauoanisha na ujuzi mwingine unaousaidia. Kila mmoja ukiwa peke yake ni wa kawaida. Ukikutana na mwenzake, unaweza kufanya kitu ambacho wengine hawawezi. Mimi mwenyewe pale hospitalini si bingwa. Lakini nilikulia kwenye kwaya. Wapo wagonjwa waliopoteza usemi, na baadhi yao kusema hawawezi ila kuimba wanaweza. Basi nafanya nao mazoezi kwa wimbo. Sasa mgonjwa wa namna hiyo akija, wenzangu wananiita mimi."

Vyeti, aliyekuwa amekuja kuazima pampu ya baiskeli, alisogea. "Kwa hiyo mimi mwenye vyeti vingi ndiye tajiri wa ujuzi!"

"Inategemea," alisema Dada Mazoezi. "Vinasaidiana? Udereva wako unazifanya keki zako ziwe bora?"

"Zinafika haraka," alisema Vyeti, lakini sauti yake haikuwa na uhakika.

Hata Dada Mazoezi alicheka. "Usiangalie wingi, kaka. Jiulize mambo mawili. Ujuzi huu unausaidia ule kufanya nini ambacho usingeweza peke yake? Na nani anakihitaji hicho kitu?"

Kisha akamgeukia Taratibu. "Mwenye shati hili ni mwalimu wa hesabu. Anatembea na mkongojo, kichwa chake kizima, shule inamsubiri. Lakini hataki kutoka nyumbani. Mkewe anasema kila asubuhi wakifika kwenye vifungo, mambo yanaharibika. Nenda ukamwone. Usiende kama fundi tu wala kama muuguzi tu. Nenda kama wote wawili."

Taratibu alikwenda. Sebule ya mwalimu ilikuwa na vitabu mpaka juu ya friji. Mwalimu alikaa karibu na mlango, mkono wa kushoto umelala pajani. Mkewe alianza kueleza matatizo yote, lakini Taratibu alikumbuka jinsi baba yake alivyochukia kusemewa.

"Samahani, mama," alisema kwa upole. "Ningependa nimsikie mwalimu mwenyewe. Mwalimu, kitu gani kinakukera zaidi?"

Mwalimu alizungumza polepole, lakini maneno yake yalieleweka.

"Kunyanyua kidevu," alisema. "Kila siku... nanyanyua kidevu... nifungwe vifungo. Kama mtoto wa chekechea."

Mkewe alitazama pembeni.

Taratibu alirudi na vipimo na maswali mengi kuliko alivyokwenda. Shati gani linaweza kuvaliwa na mtu mwenye mkono mmoja unaofanya kazi? Kesho yake alikata kitambaa. Alikumbuka zile nguo za wodini zinazofunguka mgongoni, akashona shati la namna hiyo. Lilikuwa rahisi kuvalishwa, na alijisifu moyoni.

Mwalimu aliliangalia mbele, akaliangalia nyuma. Akalisukuma.

"Mimi si mtu wa wodini," alisema. "Nitasimamaje mbele ya darasa... mgongo wazi?"

Taratibu aliondoka amenywea. Jioni alimweleza Dada Mazoezi.

"Nimeshindwa. Nilijua kumvisha mtu. Sikujua kumwezesha ajivishe."

"Basi umekwisha kuona pengo lako liko wapi," alisema Dada Mazoezi. "Ujuzi wa pili nao unajifunzwa, haukai ulivyouacha. Njoo hospitalini siku ya mazoezi, ukipata ruhusa ya wagonjwa wenyewe. Uwaangalie watu wanavyotumia mkono mmoja. Na waulize."

Alikwenda. Aliangalia, akauliza. Mama mmoja alimwonyesha anavyoubana upindo wa gauni kwa kidevu. Mzee mmoja alimwambia kwamba mfuko wa nyuma wa suruali ni adui, kwa sababu yeye hukaa kwenye kiti cha magurudumu siku nzima na mshono wa mfuko unamchoma ngozi. Dada Mazoezi akaongeza kwamba ngozi ikibanwa mahali pamoja kwa muda mrefu huanza kidonda, na kidonda hicho ni kigumu kupona. Taratibu alishangaa. Alikuwa ameshona mifuko ya nyuma tangu aanze ufundi, na hakuwahi kujiuliza mtu akiikalia inakuwaje.

Nyumbani alimwomba mkewe amfunge mkono wa kushoto kiunoni kwa mkanda.

"Umefanya kosa gani?" mkewe aliuliza.

"Nataka kuvaa shati."

Alivaa. Alizunguka kama kuku aliyeingia kwenye wavu. Shati lilimziba kichwa, akagonga kabati. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akasogea karibu.

"Ngoja. Hapo kwapani ndipo unaponasa. Ongeza kipande cha kitambaa hapo. Na vifungo hivi, mbona usiweke kile kibandiko cha viatu vya watoto? Kile kinachofanya *kraa* ukikifungua."

"Kitaonekana. Atasema ni mtoto wa chekechea."

"Kifiche. Vifungo vibaki juu kwa macho ya watu."

Taratibu alimkumbatia kwa mkono mmoja.

Karakanani aliwaomba wenzake ushauri kwa mara ya kwanza. Siku zote aliogopa kuuliza, asionekane hajui. Nakshi alimwonyesha namna ya kushona vifungo juu ya ukingo ili vionekane vimepita kwenye matundu. Spidi alitaka kujua anashona nini.

"Shati la mkono mmoja," alisema Taratibu.

"Mkono wa pili kitambaa kimekuishia?"

"Mikono yote ipo. Anayevaa ndiye anayetumia mkono mmoja."

Spidi aliacha utani. Alilichukua lile shati, akalifungua. *Kraa.* Akalifunga, akalifungua tena. Wengine wakaja kutazama, na karakana nzima ikaanza kufanya *kraa*, *kraa*, mpaka mwenye karakana akatoka ofisini.

"Hiyo nini?"

Taratibu alieleza. Mkono wa kushoto mpana, ili uingie kwanza bila kusukumwa. Kipande cha kitambaa kwapani. Vibandiko vikubwa, vilivyowekwa kifuani, ambapo mtu anaweza kuvikandamiza kwa kiganja kimoja. Vifungo vya juu ni vya kuonekana tu. Mvaaji akionekana barabarani, hakuna atakayejua. Kitu kimoja cha kukumbuka ni kuvifunga vibandiko kabla ya kufua, visije vikashika nyuzi na kuharibika.

Alieleza bila kugugumia. Aligundua kwamba hata sauti yake ilikuwa imebadilika, kwa sababu alikuwa akieleza jambo alilolijua kwa mikono yake na kwa macho yake.

Mwenye karakana alivaa miwani. "Nani anahitaji nguo hizi?"

"Mama, siku ya mazoezi hospitalini benchi zote hujaa. Wapo waliopooza, waliovunjika, wanaotumia viti vya magurudumu. Wote wanavaa nguo. Nguo za madukani zimekatwa kwa mtu anayesimama na mwenye mikono miwili."

Mama yule alikaa juu ya meza ya pasi, jambo ambalo yeye mwenyewe alilikataza.

"Mama yangu mzazi," alisema polepole, "miaka yake ya mwisho tulikuwa tunamkatia magauni kwa mkasi ili aweze kuvaa. Sisi, watu wa cherehani. Na hatukuwaza kitu kama hiki."

Lile swali la ofisini Taratibu hakuulizwa tena. Msimu ulipoisha, wapo mafundi walioaga, na ilikuwa siku ngumu kwa wote. Taratibu alibaki. Alipewa meza pana na kazi ya kupokea wateja wa aina ile. Spidi pia alibaki, na wateja walipoongezeka alimshonea mwenzake sehemu zilizonyooka, ndefu, huku Taratibu akishughulika na zile zenye kuhitaji kufikiri.

Vyeti naye alianza kuonekana hospitalini. Siku moja alimwambia Dada Mazoezi, "Nimevipanga vyeti vyangu mezani, nikavitazama kimoja kimoja. Huu udereva na ile huduma ya kwanza, naona kama wanajuana." Dada Mazoezi alimpa majina ya familia zilizokuwa zikihangaika kuwaleta wagonjwa wao kwenye mazoezi, akamtaka kwanza ajifunze kumhamisha mtu kutoka kitini kwenda garini bila kumwumiza. Vyeti alikubali. Samaki aliwaacha wasubiri.

Shule zilipofunguliwa, Taratibu alipita kwa mwalimu asubuhi kumpelekea suruali, iliyowekwa mpira kiunoni pande mbili na mbele ikaachwa bapa kama suruali yoyote. Suruali hiyo ilikuwa ya ziada. Shati na suruali ya kwanza mwalimu alikuwa nazo tayari.

Alimkuta mke wa mwalimu amesimama nje kibarazani. Mlango nyuma yake ulikuwa umefungwa. Mikono yake ilikuwa mitupu, na alionekana hajui aiweke wapi.

"Kuna nini, mama?" Taratibu aliuliza kwa hofu.

"Kanifukuza," alisema mama yule. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, lakini alikuwa anatabasamu. "Anasema nimpishe, anavaa."

Wakasimama pamoja, wakisikiliza. Ndani kitambaa kilichakarika. Kiti kilisogea. Kisha wakasikia *kraa*, halafu kiganja kikikandamiza kifua, mara moja, mara ya pili, kutoka juu kushuka chini.

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu alisimama na mkongojo wake, shati jeupe limekaa sawasawa, vifungo vimepangika kama askari. Alimtazama mkewe, kisha akamtazama fundi.

"Mnafanya nini... hapa nje?" aliuliza. "Nitachelewa kipindi cha kwanza."